Mji wa Banff: Mgeni na Mwenyeji Katika Milima ya Kanada

Wengi wetu twakaa chini ya milima, au twaiona kwa mbali tukiwa mashambani. Twajua kwamba mlima ni mali ya watu wake: huvuta mvua, hutoa kuni na dawa na nyama, na siku za vita huwa kimbilio. Lakini katika miaka mia na hamsini iliyopita mlima umepewa kazi nyingine ambayo babu zetu hawakuijua. Watu hutoka nchi za mbali, hulipa fedha nyingi, huja kuutazama na kuupanda, kisha hurudi kwao. Kwa ajili yao hujengwa hoteli na barabara, na serikali huweka mipaka na walinzi ili uzuri wa mahali usiharibiwe. Mji ulio chini ya mlima hubadilika, na watu waliokuwapo tangu zamani hujikuta katika maisha mapya.

Ili tupate kulifahamu jambo hili, yafaa tutazame mahali ambapo lilianza mapema, likaandikwa tangu mwanzo hata leo. Ndiyo sababu tumeuchagua mji wa Banff katika nchi ya Kanada. Wahenga wetu walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tutaisoma habari hii tukilishika neno hilo, tuone kama mwenyeji wa Banff alipona.

MAHALI PENYEWE

Banff umo upande wa magharibi wa Kanada, katika jimbo la Alberta, ndani ya bonde la mto Bow, kati ya milima iitwayo Rocky. Kimo chake juu ya bahari ni yapata futi 4,500, karibu sawa na mji wa Arusha. Lakini kwa kuwa nchi ile iko mbali sana kaskazini, baridi yake si kama ya Arusha. Wakati wa majira ya baridi theluji hufunika mapaa na njia, na maziwa huganda hata watu hutembea juu yake kama juu ya sakafu. Milima inayouzunguka mji, kama vile Cascade na Rundle, ina kimo cha yapata nusu tu ya kilele cha Kibo; walakini katika safu ile ile iko milima mingine yenye barafu isiyoyeyuka mwaka mzima. Mabondeni ni misitu ya misonobari, na ndani yake hukaa dubu, mbwa mwitu, kondoo wa mwitu, na paa wakubwa wenye pembe zilizotanda kama matawi ya mti.

Mji wenyewe ni mdogo. Hesabu ya watu ya mwaka 1921 tukiiacha, tukitazama ile ya mwaka 2021, wenyeji walikuwa 8,305. Lakini wageni wanaoingia katika hifadhi ya Banff kwa mwaka mmoja hupita milioni 4, yaani kwa kila mwenyeji mmoja huja wageni karibu mia tano. Na Banff si hifadhi ya peke yake. Zimepakana nayo, au ziko karibu nayo, hifadhi za Jasper, Yoho na Kootenay. Mwaka 1984 hifadhi hizo zikaandikwa pamoja na Shirika la UNESCO kuwa urithi wa ulimwengu wote.

WATU WA KWANZA

Mtu akisoma vitabu vingine vya wasafiri angedhani kwamba bonde la Bow lilikuwa tupu mpaka reli ilipofika. Sivyo. Karibu na mji, kando ya maziwa yaitwayo Vermilion, wataalamu wamechimbua mabaki ya mafiga ya watu waliopiga kambi hapo zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Katika karne za nyuma yetu mataifa kadhaa yalifika bondeni kuwinda, kuchuma dawa, na kufanya biashara: Wablackfoot wa nchi tambarare, Waktunaxa waliovuka milima kutoka magharibi, Watsuut'ina, na hasa Wanakoda. Waingereza waliwaita hawa Wanakoda kwa jina la Stoney, yaani watu wa mawe, kwa sababu walikuwa na desturi ya kutia mawe motoni, kisha kuyatumbukiza majini ili kupika nyama yao.

Wanakoda walihama kwa majira, kama wafanyavyo wafugaji wa kwetu. Walijua ni mwezi gani kondoo wa mwitu hushuka, na ni bonde gani lina malisho. Walijua pia yale maji ya moto yatokayo ubavuni mwa mlima, nao waliyaheshimu kuwa maji ya kuponya.

Injili iliwafikia kabla ya reli. Mwaka 1840 Robert Rundle, mhubiri wa Kimethodisti kutoka Uingereza, alifika katika nchi zile. Mara kadhaa alisafiri mpaka chini ya milima, akawafundisha Wanakoda, kisha mwaka 1848 akarudi kwao. Wasafiri waliopita baada yake walistaajabu kuwakuta Wanakoda wakisali asubuhi na jioni pasipo mchungaji. Mwaka 1858 mlima mmoja ukaitwa kwa jina la Rundle, na jina hilo lipo hata leo. Kisha mwaka 1873 wamishonari wa jamaa ya McDougall wakajenga misheni mahali paitwapo Morley, kadiri ya maili 40 mashariki ya Banff. Basi watu hawa hawakuwa wageni wa kitabu wala wa sala. Jambo hili yafaa kulikumbuka katika yale yanayofuata.

MKATABA WA MWAKA 1877

Tarehe 22 Septemba 1877, kwenye kivuko cha mto Bow katika nchi ya Wablackfoot, wakubwa wa mataifa matano walitia alama zao katika mkataba na serikali ya Malkia. Kwa hesabu ya serikali mkataba huo ni wa saba. Kwa Wanakoda walitia alama wakubwa watatu: Bearspaw, Chiniki na Goodstoney. John McDougall, mmishonari wa Morley, alikuwapo siku hiyo akiwashauri.

Serikali iliahidi kuwatengea ardhi kwa kadiri ya maili moja ya mraba kwa kila jamaa ya watu watano. Iliahidi kumpa kila mtu dola 5 kila mwaka, na wakubwa zaidi ya hapo. Tena iliahidi kwamba watu wataendelea kuwinda katika nchi yote waliyoitoa, ila kwa kufuata kanuni ambazo serikali itaziweka, na isipokuwa mahali patakapochukuliwa kwa makazi, migodi, biashara, au kazi nyingine.

Msomaji na aangalie maneno hayo ya mwisho. Ahadi ilikuwa kubwa kama mlango wa zizi, lakini palikuwa na tundu ubavuni. Wazee wa mataifa yale waliwasimulia wana wao, nao wakawasimulia wajukuu, kwamba siku ile walielewa wanafanya mapatano ya amani na ya kukaa pamoja, wala hawakuelewa kwamba wanaitoa nchi. Kwa upande mmoja palikuwa na karatasi, kwa upande mwingine palikuwa na neno lililosemwa na kutafsiriwa. Walipokuja kushindana, karatasi ndiyo iliyosikilizwa.

RELI NA MAJI YA MOTO

Siku hizo serikali ya Kanada ilitaka sana kuunganisha nchi yake kwa reli kutoka mashariki hata bahari ya magharibi. Kazi hiyo ilipewa kampuni ya Canadian Pacific, iliyoundwa mwaka 1881. Mwaka 1883 wajenzi wakafika bonde la Bow. Kituo kidogo kilichokuwapo kilijulikana kwa namba tu, 29. Baadaye kikaitwa Banff, kwa jina la wilaya ya Uskoti alikozaliwa George Stephen, mkuu wa kwanza wa kampuni. Kuna na kilima karibu na mji kinachoitwa kwa Kiingereza Mlima wa Tundu, kwa sababu wapima njia walikusudia kukitoboa ili gari la moshi lipite ndani. Halikutobolewa kamwe, maana njia nyepesi zaidi ilionekana kando yake. Lakini jina likabaki. Wanakoda wao walikuwa wamekiita Nyati Aliyelala, na mtu akikitazama kwa upande huona kwa nini.

Katika majira ya kupukutika majani ya mwaka huo wa 1883, vijana watatu wa kazi ya reli, William McCardell, Thomas McCardell na Frank McCabe, waliona mvuke na kusikia harufu ya kiberiti. Wakafika juu ya shimo katika mwamba. Wakateremsha gogo la mti lifae kama ngazi, wakashuka gizani, wakakuta ziwa dogo la maji ya moto ndani ya pango.

Maji hayo hayapashwi moto na volkano. Mvua na theluji huzama katika nyufa za milima, maji yakaenda chini sana ardhini mahali palipo na joto, kisha yakasukumwa juu tena kwa njia ya ufa mkubwa wa miamba, yakichukua kiberiti na madini mengine njiani.

Vijana wale wakajenga kibanda, wakadai mahali pawe pao. Wengine nao wakaja wakidai, hata palikuwa na ugomvi mkubwa. Mwisho serikali ikaamua kwamba pasiwe pa mtu ye yote. Tarehe 25 Novemba 1885, siku chache tu baada ya reli nzima kwisha, ikatenga maili 10 za mraba kuzunguka chemchemi. Wale vijana wakapewa fidia ndogo. Mwaka 1887 sheria ya bunge ikaongeza eneo kuwa maili 260 za mraba, nalo likawa hifadhi ya kwanza ya taifa katika Kanada. Wamarekani walikuwa wamekwisha tenga Yellowstone mwaka 1872, na mfano huo ulijulikana.

Sheria ilisema kwamba mahali hapo ni pa faida na furaha ya watu wa Kanada. Lakini tusidhani kwamba watawala walikuwa na nia ya kuhifadhi miti na wanyama peke yake. Reli ilikuwa imemeza fedha nyingi mno, na abiria walikuwa wachache. William Van Horne, aliyeisimamia kampuni, aliona kwamba milima haiwezi kupakiwa katika gari na kuuzwa ng'ambo. Basi wanunuzi ndio waletwe milimani. Tarehe 1 Juni 1888 kampuni ikafungua hoteli kubwa ya mbao iliyoitwa Banff Springs, juu ya mahali ambapo mto Spray huungana na mto Bow. Husimuliwa kwamba Van Horne alipokwenda kuikagua ikijengwa, alikuta mjenzi ameigeuza, hata wapishi ndio wenye kuona mandhari nzuri na wageni wakatazama msitu tu. Hoteli hiyo ya mbao iliungua mwaka 1926. Jumba la mawe lililo mahali pake lilimalizika mwaka 1928, nalo lingaliko.

Kisha kampuni ikawaleta viongozi wa kupanda milima kutoka Uswisi, tangu mwaka 1899. Lakini kiongozi wa kwanza hakuwa Mswisi. Ziwa Louise, ambalo picha zake zimeenea duniani kote, Tom Wilson wa kazi ya reli alionyeshwa mwaka 1882 na Mnakoda mmoja, Edwin Hunter. Wanakoda waliliita Ziwa la Samaki Wadogo. Wazungu wakaliita kwa jina la binti wa Malkia Victoria. Ni desturi ya mahali pengi: anayeonyeshwa ndiye huandikwa kuwa amegundua.

MWENYEJI AKATAZWA

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Kanuni za hifadhi zilikataza kuwinda. Mwaka 1902 hifadhi ikapanuliwa mno, ikafika yapata maili 4,400 za mraba, ikameza mabonde ambamo Wanakoda walikuwa wakiwinda tangu kale na ambamo, kwa neno la mkataba, walitazamia kuendelea kuwinda. Tangu mwaka 1909 wakawekwa walinzi wa kudumu wa kuwashika wawindaji. Aliyekuwa baba mwenye kurudi na nyama akawa, kwa sheria mpya, mwizi.

Kwa nini walikatazwa? Wanahistoria waliochunguza barua za siku zile wanaonyesha sababu tatu zilizofungamana. Ya kwanza, waungwana waliowinda kwa mchezo walitaka wanyama wawe wengi nje ya mipaka ili wapate kuwapiga wao. Ya pili, kampuni na serikali zilitaka wageni waone wanyama wakiwa katika gari. Ya tatu, maofisa waliowasimamia wenyeji walitaka waache uwindaji, wakae mahali pamoja, walime na kuishi kama wakulima wa Kizungu. Tena katika miaka ile maofisa walikuwa wakidai kwamba mtu atokaye nje ya ardhi waliyotengewa wenyeji awe na hati ya ruhusa, ingawa hapakuwa na sheria ya bunge iliyoagiza hivyo.

Kama mtu akisema kwamba wanyama walikuwa wakipungua na kwamba ilipasa kuwahifadhi, twakubali kwamba walipungua kweli. Lakini na atazame yaliyoruhusiwa ndani ya hifadhi hiyo hiyo. Makaa ya mawe yalichimbwa humo. Mji wa migodi ulioitwa Bankhead, maili chache tu kutoka Banff, ulifanya kazi tangu mwanzo wa karne ya 20 hata mwaka 1922, nao ulikuwa mali ya kampuni ya reli. Mgeni aliruhusiwa kuvua samaki. Ziwa Minnewanka lilizibwa kwa bwawa, na mwaka 1941 maji yakapandishwa tena kwa ajili ya umeme, yakafunika kijiji kidogo cha wageni kilichokuwa ufukoni. Na walinzi wenyewe kwa miaka mingi waliwaua mbwa mwitu, wakidhani kwamba ni wanyama wabaya. Basi sururu iliruhusiwa, ndoana iliruhusiwa, bunduki ya mlinzi iliruhusiwa. Mshale wa Mnakoda ndio uliokatazwa. Ndipo sheria mpya ya hifadhi ya mwaka 1930 ilipokuja kukataza migodi mipya, na jina la Hifadhi ya Taifa ya Banff likaanza hapo.

SIKUKUU YA WENYEJI

Walakini mji ulimhitaji mwenyeji kwa jambo moja. Husimuliwa kwamba mwishoni mwa karne ya 19 mafuriko yaliharibu njia ya reli, na wageni wakakwama hotelini bila la kufanya. Ndipo Tom Wilson akatumwa Morley kuwaomba Wanakoda waje wacheze ngoma na kushindana kwa farasi. Wageni walifurahi sana, na tangu hapo sikukuu hiyo ikafanywa karibu kila mwaka hata mwaka 1978.

Twaona ajabu hapa. Mnakoda hakutakiwa Banff akiwa na upinde wa kuwindia, lakini alikaribishwa akiwa na upinde wa kuonyesha. Katika miaka hiyo hiyo sheria za Kanada zilikataza ibada kadhaa za wenyeji, na tangu mwaka 1914, katika majimbo ya magharibi, zikawataka wapate ruhusa kabla ya kucheza ngoma kwa mavazi yao nje ya ardhi yao. Mbele ya mgeni mwenye fedha ngoma hiyo hiyo ilikuwa njema.

Lakini tusiwaone Wanakoda kama watu waliochezewa tu. Wazee wao husema kwamba sikukuu ile iliwapa nafasi ya kurudi katika kambi za baba zao, kukutana na jamaa wa mataifa mengine, na kuwafundisha watoto nyimbo na majina ya mahali. Mtu mwenye akili, akifungiwa mlango, huingia kwa dirisha aliloachiwa.

WALIOJENGA BARABARA

Kuna watu wengine ambao mgeni apitaye kwa gari hawafikiri. Vita Kuu ya kwanza ilipoanza, serikali ya Kanada iliwakamata maelfu ya wageni waliozaliwa katika milki ya Austria na Hungaria, wengi wao wakiwa Waukraine waliokuja kutafuta kazi na mashamba. Hawakuwa askari, wala wengi hawakuwa na kosa lo lote. Tangu mwaka 1915 hata 1917 mamia yao waliwekwa kizuizini ndani ya hifadhi ya Banff: wakati wa joto katika mahema chini ya mlima wa Castle, na wakati wa baridi karibu na lile pango la maji ya moto. Walikata miti, wakavunja mawe, wakatengeneza barabara ya kuelekea Ziwa Louise. Kwa muda mrefu habari zao hazikusemwa. Mwaka 2013 pakafunguliwa nyumba ya maonyesho kwenye pango, ili kila ajaye kutazama maji asome na habari za wafungwa hao.

Vivyo hivyo ile barabara mashuhuri ya kutoka Ziwa Louise hata Jasper, ipitayo kando ya barafu kubwa, ilianzwa mwaka 1931 na watu waliokosa kazi wakati wa dhiki ya fedha, ikafunguliwa mwaka 1940. Mahali pa raha pa watu wengine palijengwa kwa jasho la watu wasio na raha.

SHERIA ZA MJI

Yako mambo ya Banff ambayo sisi twaweza kuyasifu na kuyaiga. Ardhi ya mji ni ya taifa. Mtu hukodi kiwanja, wala hakinunui kiwe chake milele. Hakuna mtu awezaye kukaa Banff kwa sababu tu ana fedha na anapenda mandhari. Ni lazima awe na kazi hapo, au biashara, au sababu nyingine iliyotajwa na sheria. Kwa hiyo tajiri wa mbali hawezi kujenga nyumba ya kufungwa miezi kumi kila mwaka. Tangu tarehe 1 Januari 1990 mji una baraza lake lililochaguliwa na wenyeji, nalo hushirikiana na wakuu wa hifadhi. Mwaka 1998 ikawekwa mipaka ya ujenzi wa maduka na hoteli, maana ilionekana kwamba wingi wa wageni waweza kuuharibu uzuri uliowaleta.

Kwa wanyama vilevile wamejifunza. Barabara kuu ya taifa hupita katikati ya hifadhi, na magari yalikuwa yakiua wanyama wengi. Basi wakajenga ua pande zote mbili za barabara, na kwa wanyama wakatengeneza madaraja 6 ya kupita juu, yenye udongo na miti, pamoja na njia 38 za chini. Mwanzoni dubu waliogopa; baadaye wakazoea, na akina mama wakawafundisha watoto wao. Ajali za magari na wanyama zimepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Hata konokono mdogo asiye mkubwa kuliko punje ya hindi, ambaye duniani kote huishi katika chemchemi za moto za Banff tu, amewekewa ulinzi. Na katika bwawa la pangoni watu hawaogi tena.

Habari ya moto yafaa sana kwa wakulima. Wenyeji wa kale walikuwa wakichoma majani na vichaka kwa wakati wake. Walinzi wa hifadhi walikataza moto wote, na msitu ukasongamana, kuni kavu zikajaa chini. Tangu mwaka 1983 hifadhi yenyewe huwasha moto wa makusudi, ikikiri kwa matendo kwamba wazee walijua. Hatari si ndogo: mwezi wa Julai 1924 haukuwa na kisa kama cha Julai 2024, moto wa msituni ulipoingia katika mji jirani wa Jasper, ukateketeza karibu theluthi moja ya majengo yake.

Na nyati wamerudi. Nyati wa nchi ile, wenye manyoya mengi mabegani, walikuwa wametoweka katika mabonde ya Banff tangu karne ya 19. Mwaka 2014 mataifa kadhaa ya wenyeji wa Kanada na Marekani yalifanya mkataba wa kuwarudisha nyati katika nchi zao. Mwezi wa Februari 2017 nyati 16 wakaletwa katika bonde la mto Panther ndani ya hifadhi, nao wameongezeka kupita mia moja.

TUJIFUNZE NINI?

Sasa turudi kwa neno la wahenga. Mgeni alikuja Banff. Je, mwenyeji alipona? Mwenye hoteli alipona. Reli ilipona. Mji ulipata kazi, shule na njia nzuri, na hata wanyama, baada ya makosa mengi, walipona. Lakini Mnakoda, aliyekuwa mwenyeji wa kweli, aliwekwa nje ya ua kwa muda wa karibu karne moja, na karamu ikafanywa ndani ya nyumba yake. Wahenga walisema pia, Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Banff mgeni hakupewa jembe. Mwenyeji ndiye aliyenyang'anywa lake.

Hatusemi haya ili kulaani hifadhi. Kama mabonde yale yasingalitengwa, huenda leo yangalikuwa yamejaa migodi na magogo yaliyokatwa, wala pasingalikuwa na dubu wala konokono. Kuhifadhi ni kwema. Lakini swali la kuuliza ni hili: mipaka ilipochorwa, nani aliitwa kuketi, na nani aliambiwa baadaye? Swali hili si la Kanada tu. Kwetu mwaka 1959 Wamaasai waliokuwa Serengeti waliondoka wakaahidiwa kukaa Ngorongoro pamoja na mifugo yao na wanyama wa mwitu, na maneno juu ya ahadi hiyo hayajaisha hata leo.

Basi sisi tukaao chini ya milima tuna kazi. Wajuao kusoma na wayasome mapatano yote kabla ya kutia sahihi, hasa yale maneno madogo ya mwisho, yasemayo ila na isipokuwa. Wazee na waulizwe majina ya vilima, njia za wanyama, na wakati wa kuchoma majani, na majibu yao yaandikwe vitabuni, ili asije mtu baadaye akasema nchi ilikuwa tupu. Na wageni wajapo, tuwapokee kwa moyo mweupe, ila tuwe na sauti katika baraza linalogawa faida. Ahadi ni deni. Nalo deni la mlima hulipwa kwa watu wake kwanza.